Kwa Maulidi ametimiza 18, kwa cheti bado: jibu kwa shangazi wa Langoni

Swali:

Assalamu alaikum. Naishi Langoni, Lamu. Namlea mtoto wa kaka yangu tangu babake alipofia baharini. Alizaliwa usiku wa Maulidi, na kwa hesabu yetu Maulidi haya yaliyopita ametimiza miaka 18, ila cheti chake kinasema bado. Amemaliza kidato cha nne, amepata D+, na hataki kitu kingine ila jeshi. Kuna bwana mmoja hapa mtaani anasema atamtengenezea cheti kingine na kitambulisho ili awahi usajili ujao, nitoe pesa tu. Jamaa yetu aliyeko Uingereza anasema kule huchukua watoto wa miaka 16 mzazi akitia sahihi. Kwa nini hapa sahihi yangu isitoshe? Jirani naye ananiambia aliyebaleghe ni mtu mzima, sheria ya serikali isinibabaishe. Nikimzuia naogopa atakaa bure mpaka wamchukue wale wa msituni. Nifanye nini?

Jibu:

Waalaikumu salaam warahmatullah, dada yangu. Mungu amrehemu kaka yako.

Nianze na lile lisilongoja. Usimpe yule bwana pesa, na usimpe cheti cha mtoto. Ikiwa umeshamkabidhi cheti cha asili, kifuate leo. Haya mengine unaweza kuyasoma kwa utulivu baada ya Ishaa.

Hesabu yako ya Maulidi hukuikosea. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, wa miladia una 365 au 366, kwa hiyo kila mwaka kuna siku kama 11 zinazobaki nyuma. Zikusanye kwa miaka 18 utapata siku zipatazo 196. Kijana aliyezaliwa usiku wa Maulidi akifika Maulidi yake ya kumi na nane ametimiza miaka 18 ya Hijria kweli, na siku hiyo hiyo, kwa kalenda ya miladia, ana miaka 17 na miezi mitano na nusu hivi. Wewe umesema kweli na cheti kimesema kweli. Jeshi, mahakama, baraza la mitihani na ofisi ya vitambulisho wote wanafuata ile ya cheti. Unachokingoja basi ni miezi sita na nusu tangu Maulidi, na baadhi yake imeshapita. Nimeona wazazi wengi pwani hii wakigombana na makarani kwa jambo hili, kila mmoja akimwona mwenzake mwongo, kumbe wanasoma kalenda mbili.

Sasa sahihi yako. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 260, inasema mtoto ni mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Haikuongeza maneno "ila mlezi wake akiridhia". Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2000, unazitaka nchi zisimwandike mtoto yeyote jeshini, nao pia unamhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya 18. Humo pia hamna mlango wa ridhaa ya mzazi. Halafu ipo Itifaki ya Hiari ya Umoja wa Mataifa kuhusu watoto katika vita, iliyopitishwa Mei 2000 na kuanza kutumika tarehe 12 Februari 2002. Itifaki hiyo inaitaka kila nchi iweke tamko la maandishi kuhusu umri wa chini inaoukubali jeshini kwa hiari. Kenya iliiridhia Januari 2002, kabla hata haijaanza kutumika, na tamko lake likasema miaka 18.

Kuna jambo katika Itifaki hiyo ambalo watu hawalitaji, nami naliona ndilo lenye uzito. Nchi inaruhusiwa kulikaza tamko lake wakati wowote. Kulilegeza hairuhusiwi. Aliyesema 16 anaweza kupanda hadi 17 au 18. Aliyesema 18 hashuki. Kwa hiyo wale wanaosimama barazani na kusema sheria ipitiwe upya ili vijana wetu wa 17 waingie kwa ridhaa ya wazazi, kama kwingineko, wanaomba jambo ambalo Kenya imejifungia yenyewe. Na mimi nasema ilifanya vyema kujifungia.

Jamaa yenu wa Uingereza hakudanganya. Kule wanaandika jeshini kuanzia miaka 16, mzazi akiridhia, na wadogo hao wengi wa jeshi la nchi kavu hufundishwa katika chuo chao cha Harrogate. Marekani huchukua kuanzia 17, pia kwa ridhaa ya wazazi. Lakini mwombe jamaa yako amalize habari. Kijana huyo wa Kiingereza hapelekwi vitani kabla ya 18. Anayo haki ya kuacha na kurudi kwao kabla ya kufika umri huo. Akishapita 18 akiwa bado ndani, miaka yake minne ya lazima huhesabiwa kuanzia siku aliyotimiza 18, maana yake aliyeingia na 16 anaweza kujikuta amefungwa hadi 22, wakati aliyeingia mtu mzima anatumikia minne tu. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto imeiomba Uingereza zaidi ya mara moja ipandishe umri huo. Na sahihi ya mzazi, hata huko inakokubalika, Itifaki imeiweka kama sharti la juu ya mengine: kijana awe anataka mwenyewe kwa hiari ya kweli, awe ameelezwa kazi ilivyo, alete ushahidi wa kuaminika wa umri wake, kisha ndipo mzazi naye akubali. Wameifanya kuwa komeo la pili. Sisi huku tunaisikia kana kwamba ni ufunguo.

Nikuulize kwa upole, dada yangu, kama anayeuliza ndugu yake. Tuseme sheria ingekuruhusu. Ungetia sahihi ukiwa na amani moyoni, au ungetia kwa sababu nyumbani hakuna kitu na kijana anakaa kimya siku nzima? Walezi wengi walionijia na jambo hili walikuwa wanakimbia njaa. Siwalaumu hata kidogo. Ila ridhaa inayotolewa na dhiki ndiyo iliyofanya watu walioandika sheria hizi wasiitegemee.

Jirani yako ameleta hoja ya dini, na kwa Lamu hoja hiyo haipitwi juu juu. Mimi ni mtu wa sheria, si shekhe, na kwa fatwa utawaendea wenyewe. Lakini hadithi inayojulikana sana juu ya jambo hili ni ya Abdullahi bin Umar. Alisimamishwa mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie, siku ya Uhud akiwa na miaka 14, akarudishwa. Akasimamishwa tena siku ya Khandaq akiwa na 15, akakubaliwa. Watu huishika ile 15 wakasahau kilichotangulia: vijana walikuwa wakikaguliwa, na aliyeonekana mdogo alirudishwa nyumbani hata kama alikuwa na hamu, hata kama adui yuko mlangoni na watu ni wachache. Tena katika Suratun Nisaa, kuhusu mali ya mayatima, walezi wameamrishwa wawapime wanapofikia umri wa kuoa, na wakiwaona wana rushdi, yaani busara ya kujisimamia, ndipo wawape mali yao. Kubaleghe ni jambo moja, rushdi ni jambo la pili. Ikiwa yatima hakabidhiwi shamba la minazi kwa kubaleghe tu, sioni vipi akabidhiwe bunduki. Wala hakuna mgongano hapa: serikali ikiweka 18 haikuzuii kutekeleza faradhi yoyote. Mweleze jirani yako hivyo, kwa adabu, maana huenda yeye pia anarudia alichokisikia kwa mtu mwingine.

Na mtu huyo mwingine ndiye anayenitia wasiwasi. Nitamrudia.

Kwanza yule bwana wa vyeti. Njia yake naijua. Huwezi kuingia katika usajili wa makurutu bila kitambulisho cha taifa, na kitambulisho hakitoki kabla ya miaka 18. Kwa hiyo lazima aanze na cheti cha kuzaliwa: atatafuta kuandikisha upya kuzaliwa kwa mtoto kana kwamba hakuwahi kuandikishwa, kwa njia ile ya usajili wa waliochelewa. Njia hiyo ni halali na ina kazi kubwa kwetu, kwa sababu watoto wengi wa Kiwayu, Ndau na vijiji vya bara walizalishwa na wakunga nyumbani na miezi sita ya kuandikisha ikapita. Yeye anaitumia kumzaa mtoto wako mara ya pili kwenye karatasi, mwaka mmoja nyuma.

Sasa tazama kitakachotokea. Kijana wako alisajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne kwa cheti chake cha kwanza. Tarehe ile imo shuleni, imo katika mtandao wa wizara ya elimu, imo kwa baraza la mitihani. Siku ya usajili maafisa hutaka vyeti vya asili vyote pamoja, na kazi yao ni kuvisoma kimoja baada ya kingine. Wamewahi kukamatwa vijana waliofika hadi Eldoret kwenye mafunzo wakiwa na barua bandia mkononi, jamaa zao wameshauza ng'ombe na viwanja. Kughushi hati, kwa Kanuni ya Adhabu, ni kifungo cha hadi miaka mitatu, na anayeitumia hati hiyo akijua ni ya kughushi anahukumiwa sawa na aliyeighushi. Bwana yule hatakuwapo uwanjani siku hiyo. Atakayesimama na karatasi mkononi ni mtoto wa marehemu kaka yako.

Na akipita? Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu watu hudhani akipita yameisha. Miaka michache iliyopita niliitwa kumsaidia kijana mmoja wa pwani hii, simtaji wala mahali. Jamaa zake walimwongezea umri kwenye kitambulisho ili apate kazi. Hawakuwa na nia mbaya. Ikatokea msako wa usalama usiku, akazolewa pamoja na wengine. Alikuwa na miaka 16. Kitambulisho kilisema 19. Akawekwa seli ya watu wazima, akafikishwa mahakama ya watu wazima, akaombewa dhamana kama mtu mzima. Katiba, kifungu cha 53, inataka mtoto azuiliwe tu ikiwa hakuna njia nyingine, kwa muda mfupi kabisa, na atengwe na watu wazima. Kinga hiyo yote ilikuwa yake tangu kuzaliwa. Shangazi yake, kama wewe, alikuja na kadi ya kliniki akilia kwamba ni mtoto, na karani akamwonyesha kitambulisho. Ikabidi mahakama iagize apimwe umri hospitalini kwa meno na picha ya mifupa ya kifundo cha mkono. Na vipimo hivyo havisomi siku ya kuzaliwa. Mifupa ya wavulana hufunga ncha zake karibu na miaka 17 au 18, huyu mapema, yule baadaye, na daktari mwaminifu atakuambia anaweza kupotea kwa mwaka mmoja au miwili. Tulihangaika miezi kuthibitisha kile ambacho karatasi moja ya kweli ingekithibitisha kwa dakika moja.

Ukimwongezea mtoto mwaka mmoja kwa ajili ya mlango wa jeshi, umemwongezea kwenye milango yote. Polisi, mahakama, hospitali, mirathi ya babake, hadi siku ya kustaafu, ambayo nayo itahesabiwa kwa tarehe ya uongo. Na ataishi jeshini akijua kwamba mtu yeyote mwenye kinyongo naye anaweza kuifukua. Kutoa majibu ya uongo wakati wa kuandikwa jeshini ni kosa, na halifutiki kwa sababu baadaye alitumikia vyema.

Sasa nimrudie yule wa msituni, yaani mwandikaji wa Al-Shabaab, kwa sababu swali lako la mwisho ndilo zito kuliko yote, na umeliandika kwa mstari mmoja.

Wewe na mimi tunakumbuka mashambulizi ya Mpeketoni, Juni 2014. Tunaikumbuka kafyu iliyofuata, wavuvi waliozuiwa kutoka usiku na majiko yaliyopoa Faza na Kizingitini kwa sababu hiyo. Shule za Basuba, Mangai, Milimani, Mararani na Kiangwe zikafungwa, watoto wa Waboni wakakaa. Januari 2020 kambi ya kijeshi ya Manda Bay ikashambuliwa. Hofu yako haikutoka hewani. Al-Shabaab wamo mwaka baada ya mwaka katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya makundi yanayoandika na kutumia watoto Somalia, na mara nyingi ndio waliochukua wengi kuliko pande zote. Nao hawaanzi na bunduki. Huanza na mtu mwenye maneno matamu anayemwambia kijana asiye na kazi: wewe ni mwanamume sasa, umebaleghe, hao wanaokuita mtoto wanakudharau. Kisha anatumwa na mzigo. Anaulizwa askari wamepita saa ngapi. Anapika. Anabeba maji. Kanuni za Paris za 2007, ambazo wafanyakazi wa watoto huzifuata, zinamhesabu mpishi huyo, mbeba mzigo huyo na mpeleka habari huyo kuwa mtoto aliyetumiwa na kundi la silaha, hata kama hajawahi kugusa risasi, na zinataka atazamwe kwanza kama aliyedhulumiwa.

Sikiliza basi maneno ya jirani yako na maneno ya yule mwandikaji wa msituni. Ni yale yale. Amebaleghe, ni mtu mzima, sheria ya serikali isikubabaishe. Sisemi jirani yako ana ubaya wowote. Nasema hoja inayotumiwa kumwingiza kijana wa 17 katika jeshi halali la nchi ndiyo itakayotumiwa kesho kumtoa nyumbani usiku kwa mashua. Itifaki niliyoitaja inayaambia makundi yasiyo ya serikali kwamba hayaruhusiwi kwa hali yoyote kumwandika au kumtumia vitani aliye chini ya 18. Mstari ule ule wa 18. Sheria yetu ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inampa anayemwandikia mtu kundi la kigaidi kifungo cha hadi miaka 30. Katika ngazi ya dunia, kumwandika aliye chini ya 15 ni uhalifu wa kivita. Hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Machi 2012, ilikuwa ya Thomas Lubanga wa Kongo kwa kosa hilo hilo, na alipewa miaka 14. Sheria hizi zote zinamshika mwandikaji. Haziuzingatii moyo wa mtoto kwamba alitaka au hakutaka, kwa sababu mtoto anaweza kutaka chochote akiambiwa na mtu mzima anayemheshimu.

Kuna mtu mmoja ambaye kesi yake siwezi kuisahau. Dominic Ongwen alitekwa Uganda na waasi wa Joseph Kony akiwa mdogo, njiani kwenda shule. Akakulia msituni, akapanda vyeo, akawa kamanda anayewafanyia watoto wa wengine yale aliyofanyiwa. Mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ilimtia hatiani na kumfunga miaka 25, na majaji walipopima adhabu waliuzingatia utekwaji wake wa utotoni. Nikisoma kesi ile huwa najiuliza ni nani aliyemwona mara ya mwisho akiwa bado na sare ya shule.

Kwa hiyo, dada yangu, nataka mstari huu wa 18 usimame pale pale hata unapomuumiza kijana wetu kwa miezi michache. Siku nitakapomwambia mtu wa msituni "huyu ni mtoto, mwache", nataka asiweze kunijibu kwamba hata nyinyi mnawachukua.

Sasa miezi iliyobaki. Hapa ndipo pa kuweka nguvu zako na zile pesa.

Chukua vyeti vyote vya kijana uvitandaze mkekani: cha kuzaliwa, cha shule ya msingi, cha kidato cha nne, cheti cha kifo cha babake, kitambulisho cha mamake kama yuko hai. Soma majina herufi kwa herufi. Huku kwetu ndiko ugonjwa uliko. Cheti kimoja kinasema Athman, kingine Athumani. Kimoja Mohamed, kingine Muhammad. Shuleni aliandikwa jina la babu, kwenye cheti cha kuzaliwa jina hilo halimo. Vijana waliotimiza umri, wenye mbio na kifua, hukwama kwa herufi moja kuliko kwa jambo lolote jingine. Marekebisho huchukua wiki, wakati mwingine miezi, na huhitaji hati ya kiapo. Yaanze sasa, kwa ofisi ya usajili wa vizazi yenyewe, bila mtu wa kati. Ada halali ni ndogo sana ukilinganisha na anachotaka yule bwana, na daima utapewa risiti.

Siku atakayotimiza 18 kwa miladia, asingoje wiki ipite. Aende na vyeti vyake Huduma Centre au ofisi ya usajili wa watu. Kwa kuwa babake ni marehemu, huenda ukaulizwa maswali zaidi, na pengine barua ya chifu. Najua jinsi jamaa zetu, hasa Wabajuni, walivyochoshwa na kuhojiwa wao ni wa wapi kila wanapotafuta kitambulisho, na jinsi uchovu huo unavyowafanya watu wamkimbilie mwenye njia ya mkato. Jibuni maswali kwa subira, na kila karatasi mnayoitoa mbaki na nakala.

Umri wa makurutu wa kawaida katika matangazo ya miaka ya karibuni ni 18 hadi 26. Usajili mmoja ukimpita, ana miaka minane mbele yake. D+ yake inatosha, kwa kuwa kiwango cha chini kimekuwa D. Kwa wavulana hutakiwa uzito usiopungua kilo 54.55 na urefu wa mita 1.60. Mpime. Kama uzito haufiki, hiyo ndiyo kazi ya jikoni kwako: samaki, maharage, wali wa nazi, na alale mapema. Akimbie ufukweni Shela alfajiri kabla jua halijakaza, aanze pole pole. Pale Matondoni hakuna fundi anayeshusha jahazi majini kabla ya kulikalafati, yaani kuziba nyufa zake, hata kama kwa macho limekamilika, na mifupa ya kijana wa 17 ndivyo ilivyo. Asiguse mogoka. Asiingie kwenye ugomvi wa mtaani utakaomwachia rekodi polisi, maana jeshi hutaka mtu asiye na rekodi ya uhalifu.

Asikae bure, hapo nakuunga mkono kwa nguvu zote. Mweke kwenye chuo cha ufundi hata kwa kozi fupi: umeme, injini za boti, useremala. Jeshi huchukua pia mafundi, kwa hiyo ujuzi huo haupotei. Kama moyo wake uko baharini kama wa babake, mwambie aulizie Bandari Maritime Academy kule Mombasa, na ajue kwamba zaidi ya jeshi la majini kuna Huduma ya Walinzi wa Pwani iliyoundwa mwaka 2018. Polisi, walinzi wa wanyamapori na Huduma ya Vijana kwa Taifa nao hawachukui chini ya 18, kwa hiyo mtu akikuahidi mlango huko kabla ya wakati, jibu ni lile lile.

Na zungumza naye. Si kumhubiria. Mwulize anaona nini akiliwaza jeshi. Wengine wanataka sare, wengine wanataka mshahara wa kumpumzisha aliyewalea, na wengine, hasa waliofiwa na baba, wanatafuta mahali ambapo mwanamume mkubwa atawaambia wamefanya vyema. Ukijua ni lipi utajua pia ni nani anayeweza kumvuta kwa jambo hilo hilo. Kama yupo ami au mjomba mwenye busara, mwombe atoke naye Ijumaa mara kwa mara.

Ukiona amebadilika ghafla, ana simu mpya asiyoeleza ametoa wapi, anaitwa usiku na watu usiowajua, ameanza kukudharau kwa maneno ya kukariri, usingoje uwe na hakika. Piga 116, namba ya bure ya watoto, au mwendee afisa wa watoto wa kaunti ana kwa ana, na mwambie wazi kwamba ni mtoto na unataka alindwe. Sema umri wake wa kweli, onyesha cheti. Hapo utajua kwa nini nimekuhimiza usikiguse.

Ama yule bwana, akirudi, mwambie kijana amebakiza miezi michache na mnangoja. Akikushurutisha au akikutisha, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi hupokea malalamiko, na huhitaji kulipa chochote wala kutangaza jina lako mtaani. Usajili wa jeshi ni bure tangu mwanzo hadi mwisho. Nakala za vyeti ukishazitandaza, kama kuna jina lisilolingana na hujui pa kuanzia, niandikie tena uniambie limeandikwaje kwenye kila kimoja, nami nitakuelekeza ni ofisi gani ianze.